Mtoto Mzima, Bakteria Sugu, na Dawa Ambayo Hatukumpa

Mama mmoja aliwahi kuniuliza swali kliniki nikamjibu vibaya. Nilikuwa nakusanya sampuli za choo cha watoto wadogo kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Si watoto wagonjwa, ni wale wanaoletwa kupimwa uzito na kuchanjwa. Mwanawe alikuwa na miezi 11. Wiki chache baada ya kuchukua sampuli akarudi kwenye mizani, akanifuata, mtoto yuko mgongoni anatafuna ncha ya kanga na kunicheka.

"Dokta, majibu ya mwanangu yametoka?"

Mimi si daktari, ila ukishavaa koti jeupe huna la kujitetea. Nikamwambia yametoka, na kwamba kwenye utumbo wa mtoto tumekuta bakteria wasiosikia baadhi ya antibiotiki, hata zile za sindano.

"Yesu wangu! Sasa mnampa dawa gani?"

"Hakuna dawa, mama. Yuko mzima kabisa."

Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa ndani kwake kuna nyoka lakini alale tu, asiwe na wasiwasi. Nyuma yake kulikuwa na foleni, muuguzi anaita majina, na mimi nikaendelea na kazi. Jibu langu lilikuwa sahihi, lakini halikueleza chochote. Haya yanayofuata ndiyo ningemwambia kama tungekuwa na nusu saa na benchi la kukaa.

Nani hasa amekuwa sugu?

Mtaani utasikia watu wakisema "mwili wake umeshazoea dawa", au "dawa za siku hizi zimekuwa dhaifu". Na kuna ile "UTI sugu" ambayo kila mtu ana shangazi anayeijua. Maneno hayo yote yanaweka lawama mahali pasipo pake. Mwili hauzoei antibiotiki. Anayebadilika ni bakteria. Ndiyo maana mtu anaweza kumeza amoksilini kwa mara ya kwanza maishani na isimsaidie kitu, kwa sababu bakteria aliyempata juzi kwa mtu mwingine alikuja tayari akiwa sugu. Mtoto wa miezi 11 hajaishi vya kutosha kuzoea chochote, lakini utumbo wake umeshapokea wageni wengi wenye historia ndefu kuliko yeye.

Mgeni tunayemtafuta maabara anaitwa Escherichia coli, kwa kifupi E. coli. Jina lake limetokana na Theodor Escherich, daktari wa watoto aliyekuwa akifanya kazi Munich, Ujerumani. Mwaka 1885 alichapisha alichokiona kwenye choo cha watoto wachanga. Yaani bakteria maarufu kuliko wote katika sayansi alipatikana kwenye nepi. Escherich alikuwa anataka kujua nani wanaishi tumboni mwa mtoto mzima, ili mtoto akiharisha aweze kumtambua mvamizi. Swali letu leo ni lile lile, tumeongeza tu la pili: hao wakazi wa kawaida wamebeba nini?

Kwa kawaida E. coli anaingia tumboni ndani ya siku za mwanzo kabisa za maisha, kutoka kwa mama wakati wa kujifungua, kwa mikono ya wanaompokea, kwa matandiko. Kwa mtu mzima anakuwa sehemu ndogo sana ya bakteria wa utumbo, haifiki hata asilimia 1, lakini kwa mtoto mchanga anatamba zaidi kwa sababu wapinzani wake bado hawajahamia. Wengi wa E. coli hawana shida na mtu. Wanakula mabaki, wanazaliana, wanatoka. Ila ni bakteria huyo huyo ambaye akipanda kwenye njia ya mkojo analeta UTI, na akiingia kwenye damu ya mtoto mchanga anaweza kumuua. Utumbo ni kwake. Tatizo ni akihama.

Tunawaonaje

Kazi yenyewe ya maabara haina maajabu. Unachukua kijiti chenye pamba kilichogusa choo, unakipaka juu ya pleti ya agari ya MacConkey iliyochanganywa na dawa inayoitwa sefotaksimu, unaweka ndani ya inkubeta nyuzi 37 hadi kesho yake. Harufu? Utazoea. Sefotaksimu ni ndugu wa karibu wa seftriaksoni, ile sindano ambayo hospitali nyingi zetu zinaitegemea mtoto akiwa taabani. Bakteria wa kawaida akipandwa juu ya pleti hiyo anakufa. Asubuhi ukifungua ukakuta pleti tupu, ni habari njema. Ukikuta vidoa vya waridi vimejaa, kuna mtu pale ndani anajua namna ya kuishi na dawa.

Halafu unamtega. Unapanda bakteria hao upya, unaweka juu yao vipande vya karatasi vidogo vya duara vilivyolowekwa dawa, sefotaksimu upande mmoja na amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki upande wa pili. Klavulaniki kazi yake ni kukizuia kimeng'enya kinachoharibu dawa. Ikiwa usugu unatokana na kimeng'enya hicho, eneo safi lisilo na bakteria linavutika kati ya vipande viwili na kuchora umbo kama tundu la ufunguo. Mara ya kwanza kuliona nilifurahi sana, nikapiga picha. Baadaye nikasoma namba ya kwenye kibandiko na kukumbuka kwamba ile ni pleti ya mtoto.

Kundi hili la vimeng'enya linaitwa ESBL, ukitamka herufi moja moja. Si sisi tuliolivumbua Tanzania wala sisi si wa kwanza kulitafuta kwa watoto. Utafiti mkubwa wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2016 ulipima watoto 603 wa chini ya miaka miwili. Kati ya waliolazwa hospitali, nusu (50.4%) walikuwa wamebeba bakteria wenye ESBL. Hilo halikushangaza sana. Lakini kwa watoto wa mtaani, wasiolazwa, ilikuwa 11.6%, karibu mtoto mmoja kati ya tisa. Hebu simama kwenye foleni ya mizani siku ya kliniki uhesabu hadi tisa. Hakuna hata mmoja anayelia zaidi ya kawaida.

Huko Mwanza, utafiti mwingine wa mwaka 2017 ulikwenda kwa watoto 107 wanaoishi na kushinda mitaani, ukakuta 34 kati yao, karibu theluthi moja, wanabeba bakteria wa aina hii. Hawa ni watoto ambao mtu hawezi kusema wanaharibiwa na mama anayekimbilia duka la dawa kila wakikohoa.

Mkasi na kitabu cha kuazimana

Penisilini, amoksilini, ampisilini, sefotaksimu na seftriaksoni zina ukoo mmoja. Zote zina umbo la pete ndogo katikati, na pete hiyo ndiyo silaha. Bakteria anajenga ukuta wake kila wakati, kwa sababu kila baada ya muda mfupi anajigawa kuwa wawili. Dawa inajipachika kwenye mkono wa fundi anayeunganisha matofali ya ukuta, fundi anakwama, ukuta unapasuka. Kimeng'enya cha usugu ni mkasi. Kinakata ile pete kabla dawa haijamfikia fundi, na dawa iliyokatwa pete haina kazi tena.

Mikasi ya aina hii ni ya zamani kuliko maduka yetu ya dawa. Edward Abraham na Ernst Chain, waliokuwa Oxford kwenye timu iliyoigeuza penisilini kuwa dawa, waliandika mwaka 1940 kwamba wamekuta ndani ya E. coli kimeng'enya kinachoharibu penisilini. Hapo dawa ilikuwa bado haijaanza kutumika kwa wagonjwa. Na mwaka 2011 watafiti walisoma DNA kutoka kwenye udongo ulioganda huko Yukon, Kanada, wenye umri wa miaka 30,000, wakakuta jeni za usugu. Vijidudu vya udongoni vimekuwa vikipigana kwa sumu na kinga tangu zamani za kale. Sisi tuliazima sumu zao tukaziita antibiotiki, tukashangaa kukuta kinga nazo zipo.

Mkasi wa zamani uliiweza penisilini lakini ulishindwa na sindano mpya kama sefotaksimu. Toleo linaloweza kukata hizo mpya, ambalo limeenea zaidi duniani, linaitwa CTX-M. Herufi tatu za mwanzo zinatokana na sefotaksimu, na M ni ya Munich, lilikotambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Ndiyo, mji ule ule wa Escherich. Asili yake si E. coli, ni bakteria wa mazingira anayeitwa Kluyvera, ambaye alikuwa na jeni hiyo akitulia zake. Kwenye utafiti wa Dar es Salaam, karibu bakteria wote wenye ESBL walikuwa na aina moja ya CTX-M, yaani namba 15.

Sasa jeni ilihamaje kutoka kwa Kluyvera hadi kwa E. coli wa mtoto wa Kitanzania? Hapa ndipo wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huwa wanaacha kuangalia simu. Bakteria hawarithi tu kwa wazazi. Wana vipande vidogo vya DNA vya mviringo, plasmidi, ambavyo viko pembeni ya kromosomu yao, na bakteria mmoja anaweza kumtolea mwenzake mrija, wakasogeleana, akampa nakala ya plasmidi yake. Nakala, siyo ya kwake. Yeye anabaki nayo. Ni kama kijana darasani mwenye majibu ya mtihani aliyeyapiga chapa: anampa jirani, jirani anampa wa nyuma, na hawahitaji kuwa ndugu wala kabila moja.

Wajapani ndio waliogundua kwa uchungu jinsi jambo hili linavyofanyika tumboni mwa mtu. Miaka ya 1950 walikuwa na milipuko ya kuhara damu kulikoletwa na Shigella, ghafla wakaanza kukuta Shigella sugu kwa dawa nne tofauti kwa mpigo. Usugu wa dawa nne kwa kubahatisha mara moja ni jambo gumu kuaminika. Kumbe E. coli waliokuwa kwenye utumbo wa wagonjwa hao hao walikuwa sugu kwa dawa zile zile nne. Mwaka 1959 Tomoichiro Akiba na Kunitaro Ochiai wakaonyesha kwamba usugu unapita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine wakikaa pamoja. E. coli asiye na madhara alikuwa ghala, Shigella akaja kuchukua mzigo.

Kwa hiyo tunapopima utumbo wa mtoto mzima hatutafuti ugonjwa. Tunakagua ghala.

Plasmidi ina ujanja mwingine unaotuumiza kichwa. Mara nyingi haibebi jeni moja. Inabeba mkasi wa CTX-M, pamoja na jeni ya usugu kwa septrini, pamoja na ya tetrasaiklini, pamoja na ya jentamisini, zote kwenye mzunguko mmoja. Ukitumia dawa moja tu kati ya hizo, unawapa nafasi walio na mzigo wote. Kwenye utafiti ule wa Dar es Salaam watoto wenye VVU walikuwa wamebeba ESBL kwa kiwango cha kutisha, karibu tisa kati ya kumi. Watoto hawa wanaingia hospitali mara nyingi na wanameza septrini kila siku kama kinga. Mtu asinielewe vibaya: septrini hiyo inaokoa maisha yao na haipaswi kuondolewa. Lakini huwezi kuimeza kila siku bila utumbo kuchagua wakazi wanaoivumilia.

Kama hajanywa dawa, kaupata wapi?

Mama yule, nadhani, alisikia lawama kwenye sauti yangu ingawa sikukusudia. Kesho yake angekaa akihesabu kila chupa ya dawa ya maji aliyowahi kumnunulia mwanawe. Hesabu hiyo ina sehemu yake. Uchambuzi wa tafiti za nchi nane, Tanzania na Kenya zikiwemo, ulikadiria kwamba mtoto anaandikiwa antibiotiki karibu mara 25 kabla ya kutimiza miaka mitano. Mara 25! Mafua mengi ni ya virusi, na kuharisha kwingi kunahitaji maji ya ORS na zinki. Jaribio kubwa lililofanyika nchi saba, Tanzania ikiwa mojawapo, liliwapa watoto wenye kuharisha maji maji dawa ya azithromaisini ili kuona kama itapunguza vifo na kudumaa. Haikupunguza.

Lakini usugu wa mtoto hautokani na chupa zake peke yake. Mfano unaonikaa kichwani unatoka Bolivia na Peru, ambako timu ya Waitaliano na wenyeji ilipima maelfu ya watoto wazima wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 6. Mwaka 2002 zaidi ya tisa kati ya kumi walikuwa na E. coli sugu kwa ampisilini. ESBL ilikuwa karibu haipo, 0.1%. Mwaka 2005 wakarudi miji ile ile, ikawa 1.7%. Namba ndogo, lakini ni mara 17 ndani ya miaka mitatu. Timu hiyo hiyo ilikwenda pia kwenye kijiji cha Waguarani huko Bolivia, kijiji kilicho mbali sana na kila kitu, ambako antibiotiki zilikuwa hazitumiki kwa kiwango cha kuongelewa, wakakuta watu wengi wamebeba bakteria sugu kwa dawa za kizamani. Usugu unasafiri hata pale dawa isipofika. Unapanda kwenye mikono, maji, mboga, kuku, na kwa mtu aliyetoka kumuuguza ndugu hospitali.

Na unapanda kwenye choo cha mtoto. Hapa naomba niseme jambo ambalo wengi wetu tumekulia nalo: kwamba choo cha mtoto anayenyonya si kichafu kama cha mkubwa. Nepi inafunguliwa kitandani, maji yake yanamwagwa uani, mkono unapanguswa kwenye kanga na kurudi kukanda unga. Kwa bakteria hakuna tofauti. Tena kama nilivyosema, mtoto mchanga ana E. coli wengi zaidi kwa uwiano kuliko baba yake. Nyumba isiyo na maji ya bomba ndani, yenye choo kimoja cha kuchangia na familia nne, haihitaji mtu yeyote anywe dawa hovyo ili plasmidi izunguke. Inahitaji tu mtu mmoja arudi nayo.

Ndiyo maana mimi huwa nakereka kidogo na mabango yanayosema kwa herufi kubwa MALIZA DOZI, kana kwamba usugu wote umetengenezwa na mgonjwa mvivu. Meza dawa kama ulivyoandikiwa, sawa. Usiweke nusu chupa kabatini kwa ajili ya mdogo wake, maana dawa ya maji ikishakorogwa haidumu zaidi ya wiki moja au mbili, na ugonjwa wa mdogo wake huenda si huo. Lakini bango la maji safi na sabuni kwenye zahanati lingefanya kazi angalau sawa na hilo, na hilo si jukumu la mama.

Dawa inayookoa na kuharibu kwa pamoja

Kuna kisa kimoja ambacho kinaonyesha kwamba jambo hili halina jibu rahisi, na hapa Tanzania tumo ndani yake. Kwa miaka mingi vijiji vyenye trakoma vimekuwa vikigawiwa azithromaisini, watu wote kwa mpigo, ili kuua bakteria anayepofusha macho. Watafiti walifuatilia E. coli wa watoto wadogo kwenye vijiji kadhaa vya Tanzania kabla na baada ya ugawaji. Mwezi mmoja baada ya dawa, usugu kwa azithromaisini ulikuwa umepanda sana. Ukaanza kushuka taratibu, lakini miezi sita baadaye bado ulikuwa juu kuliko kwenye vijiji ambavyo havikupewa.

Baadaye wengine wakauliza: watoto waliogawiwa dawa hii, je, wanakufa kidogo zaidi? Jaribio linaloitwa MORDOR lilifanyika Niger, Malawi na Tanzania, watoto karibu 190,000 wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 59, wakipewa azithromaisini mara mbili kwa mwaka bila kujali kama wanaumwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: vifo vilipungua kwa 13.5% ukijumlisha nchi zote, na Niger, ambako vifo vilikuwa vingi zaidi, vilipungua zaidi. Kwetu na Malawi tofauti ilikuwa ndogo. Na walipochunguza choo cha watoto wa Niger, jeni za usugu zilikuwa zimeongezeka kwa waliopewa dawa.

Sasa amua wewe. Watoto walio hai leo kwa sababu ya dawa hiyo wanaweza kuhesabika. Watoto watakaokufa kesho kwa sababu dawa imegoma hakuna awezaye kuwahesabu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilishika njia ya katikati: ugawaji wa aina hii ufikiriwe tu mahali ambapo vifo vya watoto wachanga ni vingi mno, kwa watoto wa mwezi 1 hadi 11, na usugu ufuatiliwe. Mimi ningekuwa mzazi wa Niger ningempa mwanangu bila kusita. Nikiwa mtafiti wa bakteria nalala nikiifikiria ile pleti.

Kwa nini hatukumpa dawa

Turudi kwa mtoto wetu anayetafuna kanga. Kwa nini tusimsafishe tumbo?

Kwanza, dawa gani? Bakteria wenye ESBL bado wanasikia meropenemu na ndugu zake, ambazo ni za mshipani, ni ghali, na ndizo tunazozitunza kwa ajili ya mtoto aliye mahututi. Kumpa mtoto mzima dawa hiyo ni kuchoma nyumba ili kumfukuza panya. Pili, haitaua E. coli mmoja na kuwaacha wengine. Itafagia na wale wakazi wema wanaomzuia asitambe, na nafasi iliyobaki wazi atakayeiwahi ni yule anayevumilia dawa zaidi. Wataalamu wa Ulaya waliokaa kupitia ushahidi wote walihitimisha mwaka 2019 kwamba watu waliobeba ESBL wasipewe dawa za kuwasafisha kama utaratibu wa kawaida.

Tatu, mara nyingi wanaondoka wenyewe. Waholanzi waliwapima wasafiri wao kabla na baada ya safari za nje. Zaidi ya theluthi moja ya waliokuwa hawana walirudi na ESBL tumboni, na kwa waliokwenda Asia ya Kusini ilikuwa watatu kati ya wanne. Nusu yao walikuwa wameshapoteza bakteria hao ndani ya siku 30 hivi. Baada ya mwaka mzima walibaki 11.3%. Bila dawa yoyote, kwa kula tu chakula cha kwao na kutumia choo cha kwao. Shida ni kwamba Mholanzi anarudi nyumbani ambako mtaro umefunikwa. Mtoto wetu akimpoteza bakteria wiki hii, wiki ijayo anaweza kukutana naye tena kwenye ndoo ya maji, kwa hiyo ile 11.6% ya Dar es Salaam isisomwe kama orodha ya watoto fulani. Ukipima mwezi ujao unaweza kupata asilimia ile ile kwa watoto wengine kabisa.

Kwa mtoto mmoja, basi, hatari kwa siku yoyote ni ndogo. Inakuwa kubwa siku akiugua kweli. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2001 na 2002 ulifuatilia watoto 1,787 waliolazwa na dalili za maambukizi mwilini. Kati ya waliokuwa na malaria walikufa 20.2%. Kati ya wale ambao damu yao ilikuwa na bakteria wa kundi la gramu-hasi, ambamo E. coli na jamaa zake wamo, walikufa 43.5%, zaidi ya mara mbili. Na mojawapo ya mambo yaliyotabiri kifo ilikuwa kupewa antibiotiki ambayo bakteria alikuwa sugu kwayo. Daktari alitoa dawa sahihi kwa mujibu wa mwongozo, na mwongozo haukujua kilichokuwa ndani ya ghala.

Kwa hiyo kuna jambo moja ambalo mama anaweza kulifanya na majibu yetu, na hili ndilo lililoniuma kuwa sikumwambia. Mtoto akipata homa kali, akashindwa kunyonya au kulegea, awahishwe hospitali, na daktari aambiwe: mwaka huu alipimwa akakutwa na bakteria wa ESBL, au alilazwa mwezi uliopita, au alipewa sindano wiki mbili zilizopita. Taarifa hiyo inamsaidia daktari kuchukua damu ya kuotesha mapema na kutosubiri siku tatu kuona kama seftriaksoni itafanya kazi. Tuandike kwenye kadi ya kliniki, mahali panapoonekana. Na chanjo za nimonia na rota, ambazo Tanzania ilizianza mwaka 2013, asizikose, kwa sababu kila homa na kila kuharisha kusikotokea ni dozi moja ambayo haikuhitajika.

Nilimwona tena mtoto alipoletwa kwa chanjo ya pili ya surua, miezi 18, anatembea mwenyewe na kuvuta waya wa kompyuta yangu. Safari hii benchi lilikuwapo. Nikamweleza mama yake mengi ya haya, nikaandika kwenye kadi. Alisikiliza hadi mwisho, akafunga kadi kwenye mfuko wa nailoni, kisha akauliza:

"Na mimi je? Si mimi ndiye ninayemnawisha. Mlinipima?"

Hatukumpima. Maombi yetu ya kibali yalikuwa yameandika watoto tu.